Wanaonunua magari ya kufunguka juu waambieni wakague paa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Kama barua ni ndefu punguzeni mnapotaka, ila sehemu ya paa naomba msiiguse.

Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu akiwacheka vijana wanaoagiza kutoka Japani yale magari ya milango miwili yanayofunguka juu. Alisema hayo ni magari ya wasanii wa Dar es Salaam, na kwamba mtu wa mkoani anayenunua gari la watu wawili hana shida, anatafuta shida. Upande wa pili, makala zenu za ushauri kuhusu magari yaliyotumika nazisoma kila zikitoka, na kila mara ni mafuta, kodi, spea, mafuta tena. Nina neno kwa huyo mwenzangu na nina neno kwa waandishi wenu.

Mimi ni mama, kazi yangu kushona. Kibanda changu kiko Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Nashona siti za magari, za bajaji na za bodaboda, natengeneza maturubai ya malori yanayobeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua, na sherehe zikianza nashona mahema ya kukodisha. Nilifundishwa na mjomba wangu, fundi wa siti za mabehewa enzi zile reli ndiyo ilikuwa kila kitu hapa mjini. Kuendesha gari sijui na sina mpango wa kujua. Lakini niletee paa la kitambaa nikalipapase, nitakwambia hilo gari limeishi wapi na aliyekuwa nalo alikuwa mtu wa namna gani, kabla fundi injini hajafungua boneti.

Nianze na kucheka. Asubuhi simama pale karibu na soko kuu uangalie magari yanayopita. Vitz, IST, Passo, Harrier, na ndani ya mengi yupo dereva peke yake, pochi yake imekalia siti ya pembeni kama abiria. Siti tatu za nyuma zinabeba hewa kutoka Ipuli mpaka mjini na kurudi, mwaka mzima, na hakuna aliyewaandikia gazeti kulalamika. Sasa kijana akinunua gari lenye siti mbili na anazitumia zote mbili, mfujaji ni yupi?

Gari wanaloliuliza sana ni la Mazda. Duniani linajulikana kwa jina la MX-5, Wamarekani wamezoea kuliita Miata, na Japani toleo la kwanza liliuzwa kama Eunos Roadster. Ndiyo maana mtu anapokea nyaraka za gari anakuta Eunos, anaanza kupiga kelele kwamba ametapeliwa, yeye aliagiza Mazda. Hajatapeliwa. Lilioneshwa kwanza Chicago, Februari 1989, na linaundwa Hiroshima. Guinness waliliandika kuwa gari la michezo la siti mbili lililouzwa kuliko mengine yote, na Aprili 2016 kiwanda kilitoa la milioni moja. Haya nasimuliwa na wateja huku nashona, mpaka nimeyakariri. Wenye magari haya hawajui kukaa kimya.

Yapo na mengine. Toyota MR-S, injini yake iko nyuma ya mgongo wa dereva. Honda S2000, ambalo vijana wakilitaja wanashusha sauti, injini inazunguka karibu mara elfu tisa kwa dakika. Daihatsu Copen, kadogo, injini cc 659, paa lake ni gumu na linajikunja lenyewe kwa umeme likaingia kwenye buti. Kwa upande wa injini, mafundi wetu hawana cha kuogopa sana. Injini ya MR-S ni ile ile 1ZZ iliyomo kwenye Toyota Wish za mwanzo na Opa za cc 1,800, na ugonjwa wake wa kula oili mafundi wa Tabora wanaujua vizuri. Ya Roadster la mwanzo ni ndugu wa injini za Mazda Familia. Matairi yake ya mwanzo ni 185/60 ya inchi 14, si kitu cha kuagiza mbinguni. Tofauti ndogo ndogo zipo: betri ya lile Roadster la mwanzo inakaa kwenye buti. Nimeshuhudia fundi umeme, kijana hodari kabisa, akizunguka boneti akiitafuta huku mwenye gari ametulia anamwangalia tu. Na kwa sababu iko nyuma, ndani ya gari, ilipangiwa betri ya aina maalumu yenye mrija wa kutolea hewa nje. Ukibandika betri ya kawaida bila mrija, mvuke wa asidi unakula bati la buti taratibu.

Lakini injini si kazi yangu. Nataka kusema habari ya paa.

Alikuja kijana mmoja, mfanyabiashara wa asali, na Roadster jekundu alilolichukua kwenye yadi moja Dar es Salaam. Gari lilikuwa linang'aa. Injini imeoshwa, rimu zimepigwa rangi, siti zimevalishwa kava mpya. Aliniletea kwa jambo moja tu: "Mama, kapeti lina harufu, naomba unibadilishie." Nikamuuliza, mwanangu, mvua ikinyesha maji yanaingia? Akaniambia hapana, paa ni zima, hakuna hata tone linalodondoka kichwani. Kweli, kitambaa hakikuwa na tundu. Nikafunua kapeti upande wa abiria. Sponji ya chini ilikuwa imelowa chapachapa, ukiiminya inatoa maji meusi, na tulikuwa Agosti, Tabora, mvua ya mwisho watu tumeshaisahau. Alilipeleka kuoshwa siku mbili kabla.

Hapa ndipo watu wengi hawaelewi jinsi paa la gari hili lilivyotengenezwa. Maji yanayotiririka juu ya kitambaa kwenda nyuma hayaishii nje ya bodi yote. Nyuma kabisa, pale kitambaa kinaposhikana na bodi, kwa ndani kuna mfereji wa plastiki unaoyapokea. Mfereji unayapeleka kwenye kona mbili, kulia na kushoto, nyuma ya zile nguzo za mikanda ya siti. Kila kona ina tundu, na tundu lina mrija unaoshuka mpaka chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mrija ukiwa wazi, paa linaweza kunyeshewa usiku kucha na ndani pakawa pakavu. Mrija ukiziba, maji yanajaa, yanafurika, na mahali pa karibu pa kwenda ni kwenye kapeti au ndani ya ule mhimili wa bati unaopita chini ya mlango. Huko hayaonekani, hayakauki, na bati linaanza kuliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba mbele ya tairi la nyuma, ujue kutu imeshamaliza kazi ndani, sasa inatoka kusalimia.

Nilichukua waya laini, nikauzungushia kitambaa kwenye ncha ili usitoboe mrija, nikauingiza polepole kwenye tundu la kushoto. Kilichotoka ni tope, na ndani ya tope majani membamba kama sindano, ya msonobari. Sijui Japani waliliegesha wapi, ila miti ya namna hiyo haipo Ng'ambo. Uchafu ule ulivuka bahari ukiwa ndani ya gari, ukakaguliwa, ukalipiwa ushuru, ukauzwa. Nikamimina maji kwa birika, kidogo kidogo. Upande wa kushoto yakaanza kudondoka chini baada ya muda. Upande wa kulia yakapanda, yakabaki pale, yananitazama.

Basi nikamwita jirani yangu, fundi bodi. Yeye hana mashine yoyote ya kupimia, ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, ameifunga kwenye kamba. Akaipitisha chini ya mlango. Mbele ilishika vizuri, pa, pa, pa. Alipokaribia tairi la nyuma ikateleza ikaanguka. Akarudia, ikaanguka. Pale palikuwa na puti na rangi tu. Akagonga kwa kitako cha bisibisi, mlio ukawa wa kitu kilichooza. Yule kijana alikaa kwenye benchi langu akaishiwa maneno. Aliyemuuzia alipopigiwa simu alisema gari likishatoka getini ni mali ya mnunuzi. Bati ilibidi likatwe na kuchomelewa jipya pande zote mbili, na gharama yake ilizidi kapeti alilokuja kulibadilisha mara nyingi sana.

Sasa angalieni, Mhariri: paa lake halikuwa na tundu hata moja, na makala zenu zote kijana yule alikuwa amezisoma. Aliangalia oili, aliangalia moshi, alipeleka fundi akasikiliza injini, aliuliza kodi. Hakuna mahali palipomwambia amwage birika la maji kwenye kona ya paa.

Wauzaji karibu wote wanapiga picha gari likiwa wazi, kwa sababu wazi ndiyo linapendeza. Mnunuzi naye anaangalia mandhari, anajiona amekaa mule, upepo unapiga, basi ameshanunua. Mimi nasema omba picha za paa likiwa limefungwa. Omba picha ya kila kona kwa karibu, ya mkunjo pale juu ya mlango ambako kitambaa huchanika kwanza, ya mshono wa nyuma, na ya kapeti likiwa limefunuliwa. Akikwambia haiwezekani, mwache, magari ni mengi.

Kama unanunua kupitia mnada wa Japani, omba karatasi ya ukaguzi wa mnada. Ina mchoro wa gari na herufi ndogo ndogo. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, C ni bati lililoanza kuliwa. Daraja likiandikwa R au RA, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ukiona S na C zimejaa sehemu za chini, usidanganyike na rangi ya juu. Na uliza gari limetoka mkoa gani. Kaskazini kwao, Hokkaido, theluji inaanguka kwelikweli, na barabarani wanamwaga chumvi ili magari yasiteleze. Chumvi na bati la chini ya gari havijawahi kuwa marafiki.

Halafu kuna kioo cha nyuma. Roadster la kwanza, lililotengenezwa 1989 mpaka 1997, kioo chake cha nyuma ni plastiki, kimezungushiwa zipu. Toleo la pili la kuanzia 1998 wakaliwekea kioo cha kweli. Ile zipu haikuwekwa kwa urembo. Kabla ya kushusha paa unafungua zipu, unalaza kioo chali, unatandika taulo juu yake, ndipo unakunja. Ukishusha paa bila kufungua zipu, plastiki inajikunja katikati, inapata mstari mweupe, mstari unakuwa ufa. Na asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu hii ya Tabora ambayo watu wa Dar hawaiamini, plastiki ya zamani inakuwa ngumu; usiikunje mpaka jua lipande. Zipu ikikaza msiivute kwa koleo, jamani. Isugueni mswaki mkavu kutoa vumbi, halafu mpitishe nta ya mshumaa. Ninao wateja walioharibu paa zima kwa sababu ya zipu iliyohitaji mshumaa wa duka la jirani.

Wauzaji wajanja wanakisugua kioo kilichopauka kwa dawa ya meno, siku ya picha kinang'aa, baada ya muda kinarudi njano yake. Mwambie akupige picha akiwa amekaa ndani, akiangalia nyuma kupitia hicho kioo. Usipoona kilichoko nyuma, na trafiki hatakuelewa.

Na paa likichoka? Linashoneka. Watu wanadhani lazima uagize Japani au Ulaya, na kweli mapaa mapya ya Roadster yanapatikana kwa sababu magari yenyewe ni mengi duniani. Lakini ukiwa na paa lako la zamani, hata kama limechanika, usilitupe. Fundi anayejua analifumua, anatumia vipande vyake kukatia vipya, kila kimoja kwa umbo lake. Kitambaa kiwe cha turubai zito lenye mpira, lisipitishe maji. Uzi uwe wa polista. Uzi wa pamba unaoza, na wa nailoni jua letu linaudhoofisha mapema. Matundu ya sindano yapakwe dawa ya kuzuia maji kwa ndani. Kazi inachukua siku, na gari linakaa kwangu bila paa, kwa hiyo msilete Februari, katikati ya mvua, mkaanza kunikimbiza.

Kuhusu hesabu nitasema kidogo, maana hilo mnaliandika vizuri. TRA, wakusanya kodi wetu, wana kikokotoo kwenye tovuti yao. Ingiza gari, mwaka, ukubwa wa injini, uone thamani wanayoitumia wao, kwa sababu bei uliyoiona kwenye simu si lazima iwe ndiyo ya kukatia kodi. Magari haya karibu yote yanaangukia kwenye ushuru wa uchakavu, unaoanza gari likifika miaka minane na kuongezeka likifika kumi. Roadster la kwanza liliisha 1997, la pili 2005, la tatu 2015; mbele ya TRA wote hao ni wazee. Injini nayo inahesabiwa. Copen iko chini ya cc 1,000, Roadster la 1,600 au 1,800 liko katikati, S2000 la mwanzo lina cc 1,997, limeponea chupuchupu, na lile la baadaye la 2,200 limevuka mstari wa cc 2,000. Mnunuzi afanye hesabu hiyo, halafu atenge pesa ya paa kabla gari halijapanda meli. Wengi wanatenga pesa ya rimu.

Nirudi Tabora yetu, maana gari la Japani likifika hapa linakutana na mambo ambayo Hiroshima hawakuyapanga. La kwanza ni miembe. Mji huu kivuli chake ni miembe, ipo tangu enzi za misafara, na kila mwenye gari anagombea kuegesha chini yake. Mwenye gari la kufunguka juu asithubutu. Embe lenyewe halina neno, linadunda kwenye kitambaa linaanguka chini, watoto wanaliokota. Balaa ni utomvu, vinyesi vya popo, na majani. Utomvu unababua kitambaa unaacha doa lisilotoka. Majani na maua ya mwembe yanashuka moja kwa moja kwenye mfereji ule niliousema, na wiki moja ya Novemba inatosha kuziba mrija. Afadhali jua, na ununue turubai la kufunikia. Nashona hayo pia, sifichi.

La pili ni vumbi. Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, vumbi linakaa kwenye mikunjo, na ukikunja paa lenye vumbi unalisaga kitambaa mwenyewe. Lipanguse kwanza kwa brashi laini. Matuta nayo: gari liko chini sana, sentimita kumi na kitu tu kutoka ardhini, kuna matuta ya mitaani utayapanda kwa kuvuka mshazari na mengine hutayapanda kabisa. Lami ya kwenda Nzega haina shida, na ya Itigi hadi Manyoni vilevile, mradi vijijini ushike hamsini yako kwa sababu tochi ya trafiki ya kupimia mwendo haijali paa lako liko wazi au limefungwa. Nimeambiwa raha ya gari hili iko hapo hapo kwenye hamsini, si kwenye mwendo.

Wembe wa wezi nao upo. Kibaka akiona redio anachana kitambaa, na mchano wa wembe ni kazi kubwa kuushona kuliko redio yenyewe ilivyo ya thamani. Usiache kitu ndani.

Ninaye mteja mwingine, mzee mstaafu wa reli, anakaa Cheyo. Ana Roadster la kijani, siti za ngozi rangi ya kahawia hafifu, usukani wa mbao, aina ile iliyoanza kutoka 1990. Huyu alimsumbua muuzaji wake kwa simu na meseji mpaka akatumiwa video ya mtu anamwaga ndoo ya maji juu ya paa lililofungwa, kisha anafunua kapeti. Mke wake alimuuliza, "Sasa baba, wajukuu tutawaweka wapi?" Akajibu kwamba wajukuu wana miguu. Siti zake nilizigusa mara ya kwanza nikakaa kimya: mshono wa awali, ngozi imepakwa mafuta kila mara, haina ufa. Kapeti kavu. Mzee huyo hakuwa na pesa nyingi kumzidi kijana wa asali. Alikuwa na muda wa kuuliza, na pensheni ikimfundisha kuchunga kila shilingi. Jioni anampeleka mke wake Bwawa la Igombe kupunga upepo, mama kajifunga mtandio vizuri, hajali wanaomwangalia, na siku hizi ndiye anayekumbusha muda wa kutoka.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba waandishi wenu wa magari waongeze mistari michache tu watakapoandika tena: paa limefungwa, mirija ya kona, kapeti lifunuliwe, sumaku chini ya mlango. Wenye yadi nao, kama gari lenu ni zima, mnaogopa nini kupiga picha paa likiwa juu? Na msomaji mwenzangu aliyecheka, akipita Tabora aulize kwa mama wa siti Ng'ambo, nitamwonesha gari la mzee na kipande cha bati kilichokatwa kwenye gari la yule kijana, nimekitundika ukutani.

Wanaotaka kuleta magari yao waje asubuhi kabla jua halijawa kali, na paa liwe kavu. Kitambaa kilicholowa sishoni.

Mama fundi siti,
Ng'ambo, Tabora